Nilisema Alianguka na Baiskeli

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ya harusi yangu, ingawa mama yako akiisoma barua hii nitalala njaa. Ni Jumanne moja ya msimu wa mvua, miaka ile ya chama kimoja, nikiwa kijana fundi wa mawe hapa Eldoret. Matope ya mtaa wetu wa Huruma yalinivua kiatu asubuhi tukienda kazini, na rafiki yangu Wafula akanicheka njia nzima mpaka kwenye lango la mjengo. Kabla ya saa sita mchana Wafula alikuwa amelala juu ya rundo la kokoto, haongei, na paja lake limepinda mahali ambapo paja la mtu halina kiungo.

Nimeambiwa kwamba nawe umeshika mwiko, umeanza kazi ya mjengo. Vizuri. Kazi ni kazi, na anayeidharau hajawahi kukosa unga. Lakini liko jambo ambalo hutafundishwa na fundi yeyote, kwa sababu sisi mafundi tunafundishana kuchanganya simenti na kuvuta timazi, hatufundishani la kufanya mwenzetu akianguka. Mimi nilijifunza kwa aibu. Sipendi kulisimulia, na kwa muda mrefu sikulisimulia, lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nataka nizae angalau mtu mmoja mwenye akili kuliko zangu.

Wafula alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye sauti nzito ya kuanzisha nyimbo kanisani. Alikuwa amenitangulia Eldoret kwa miaka mitatu. Nilipofika kutoka Ugenya, simjui mtu, yeye ndiye aliyenipa pa kulala katika chumba chake kimoja cha Huruma, akanipeleka kwa nyapara na kusema, "Huyu anajua mawe." Mawe niliyoyajua wakati huo ni ya kurushia ndege shambani. Wafula alinifundisha kazi usiku na mchana, bila kuniomba hata sigara, na baada ya mwaka mmoja nilikuwa fundi kweli.

Yeye alikuwa fundi wa kona. Utakuja kujua upesi maana yake. Ukuta hufuata kona, na anayepandisha kona ndiye anayeaminiwa; wengine wote huvuta uzi kutoka kwake na kujaza katikati. Nyapara alimwita Wafula kwa jina lake. Sisi wengine tuliitwa "wewe."

Tulikuwa tukijenga ghorofa ya maduka upande wa chini wa mji, si mbali na reli. Jukwaa la kusimamia lilikuwa la miti ya mkaratusi iliyofungwa kwa kamba za katani, na kamba zenyewe zilikuwa zimetumika kwenye mjengo mwingine, zikanyeshewa, zikakauka, zikanyeshewa tena. Asubuhi ile Wafula alizishika, akazifikicha kwa vidole.

"Bwana, hii kamba imeoza," alimwambia nyapara.

"Kamba ni kamba. Panda, mvua inarudi."

Wafula akapanda. Ulimwengu wa kazi ya kibarua ndivyo ulivyokuwa: ukikataa kupanda, nje ya lango kuna watu kumi wanaosubiri kupanda. Saa tano hivi nilisikia mti ukilia, nikageuka, nikamwona akishuka pamoja na mawe yake na mbao zake. Sitaeleza zaidi. Nilipomfikia alikuwa anapumua, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, nikipiga kelele kama mwanamke aliyefiwa.

Sasa nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo hutaelewa nilichokifanya. Siku zile mtu akiumia kazini, jambo la kwanza lilikuwa kumtoa nje ya ua wa mabati. Kwanza abebwe mpaka barabarani, ndipo aulizwe anaumwa wapi. Hakuna aliyetulazimisha, tuliona ni busara. Tuliamini mjengo ukifungwa sote tumekwisha, na kwamba mwenye kazi ni kama baba wa nyumba, atatoa kitu ukimwendea taratibu na kofia mkononi. Neno lenyewe lilikuwa "tutaelewana." Nimezika watu kadhaa waliokufa wakingoja kuelewana.

Basi tulimpakia Wafula nyuma ya pikapu, kichwa chake mapajani mwangu. Nyapara aliendesha mwenyewe. Tulipokaribia lango la hospitali alisimama kando ya barabara, akashuka, akaja nyuma.

"Wewe Ochieng'." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina. "Wakikuuliza, alianguka na baiskeli. Hapo kwa daraja."

"Baiskeli gani?"

"Baiskeli! Ukisema ni mjengo, watu wa ofisi ya kazi, hao wa leba, watakuja kesho wafunge hii kazi. Wale watu wote wataenda kula wapi? Na huyu ndugu yako, mkubwa mwenyewe atamwangalia. Hii ni maneno ya nyumbani. Tutaelewana."

Huyo mkubwa, yaani mkandarasi, simtaji. Amekwisha kufa na wanawe ni watu wema. Alikuwa mtu wa chama, mwenye kusalimiana na wakubwa, na enzi hizo mtu wa chini aliyemsema vibaya mtu wa namna hiyo alipoteza kazi, na pengine zaidi ya kazi. Lakini nisijifiche nyuma ya siasa, mwanangu. Wazee wa rika langu tuna tabia ya kuilaumu serikali kwa kila woga tuliokuwa nao. Nyapara hakunishikia bunduki. Aliniita kwa jina tu, na nikalegea.

Karani wa hospitali alikuwa mama mwenye miwani. Aliuliza jina la mgonjwa, nikasema. Akauliza, "Aliumia namna gani?"

"Alianguka na baiskeli, madam."

"Wapi?"

"Hapo kwa daraja."

Alinitazama. Nilikuwa na simenti mpaka kwenye nyusi, na Wafula pale kwenye machela alikuwa mweupe wa vumbi kama aliyemwagiwa unga. Kisha akaandika nilivyosema, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuandika. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lingepona kwa wiki mbili.

Kesho yake nyapara aliniambia nipande kwenye kona. Nilipanda. Nilichukua hata timazi ya Wafula, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko yangu, nikajiambia namtunzia.

Wafula alilala hospitalini majuma mengi, mguu umening'inizwa kwa uzito. Mkubwa alituma sukari na unga mara mbili, pamoja na salamu. Mara ya tatu alituma salamu peke yake. Mke wa Wafula, Nekesa, alikuja kutoka Bungoma kumwuguza, na mumewe alipotoka hospitalini walikaa wote katika kile chumba cha Huruma. Mimi nilihamia chumba cha pili kwenye uwanja ule ule. Mguu ulikuwa umeunga, lakini mfupi, na nyonga imekaa vibaya. Daktari alimwambia asahau kupanda jukwaa maisha yake yote. Mtu huyo hakuwa na shamba la maana, hakuwa amesoma, alikuwa na watoto wawili kwa mama yake na mikono iliyojua kitu kimoja tu.

Nekesa alinipikia kila jioni kama ndugu. "Shemeji, njoo ule," aliniita, nami nilienda, nikala.

Kanisani kuna mtu alimwambia Wafula kwamba iko sheria: aliyeumia akiwa kazini anastahili fidia, na iko ofisi ya leba pale mjini ya kupeleka maneno hayo, wala huhitaji kuwa na wakili. Wafula hakuwa amewahi kusikia. Alienda na magongo yake, polepole, Nekesa akimfuata nyuma na bahasha ya karatasi. Jioni tulikuwa tunakula sukuma wiki aliponiambia yaliyotokea.

"Ochi, hii kitu imenishinda. Afisa ameangalia kadi ya hospitali, inasema nilianguka na baiskeli. Mkubwa naye amewaambia siku hiyo sikuwa kazini. Mimi sina baiskeli. Hata kuendesha sijui."

Nilikuwa nimeshika tonge la ugali. Nililiangalia.

"Labda karani alikosea," nikasema.

"Shemeji, si ni wewe ulimpeleka?" Nekesa akauliza. Hakuuliza kwa shaka. Aliuliza kama mtu anayetafuta msaada.

"Kulikuwa na watu wengi," nikamjibu, na nikameza.

Hapo ndipo ninapoona aibu kuliko hata pale hospitalini. La kwanza nililisema kwa hofu, damu ya rafiki yangu ikiwa bado kwenye suruali yangu. La pili nililisema nikiwa nimeketi, nimeshiba nusu. Kikulacho ki nguoni mwako, na Wafula alikuwa amenifunika kwa nguo yake mwenyewe tangu siku niliyofika mjini.

Pale langoni mwa mjengo alikaa mama mmoja wa Kinandi, mzee, aliyekuja kila siku kutoka Kiplombe kutuuzia chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Jina lake lilikuwa Rael. Sisi sote, Wajaluo, Waluhya na wengine, tulimwita Kogo, maana yake nyanya kwa lugha yao, na hatukuthubutu kumjibu vibaya. Siku mbili baada ya maneno yale ya jioni, nilikuwa napita mbio nikielekea juu akaniita.

"Wewe Ochieng'. Keti."

"Nimechelewa, Kogo."

"Hiyo ukuta haiendi mahali. Keti."

Nikaketi kwenye debe. Alimimina chai kikombeni, lakini hakunipa. Alikishika yeye.

"Wafula alipita hapa jana na magongo. Ameniambia maneno ya baiskeli. Mimi nilikuwa hapa hiyo siku. Niliona amebebwa, niliona gari, na niliona nani alipanda na yeye nyuma. Ilikuwa wewe peke yako. Nani alisema baiskeli?"

Niliinama nikakwangua simenti kwenye kucha zangu. Kwa wazee, hilo ni jibu.

"Mzee yangu, baba ya watoto wangu, alikuwa anafanya kazi kwa mashine ya kupasua mbao," akasema. "Mashine ikachukua mkono yake, hii ya kulia. Mwenye mashine akasema, usiende kwa serikali, mimi nitakutunza. Akaleta blanketi. Mimi nilipiga magoti nikamshukuru kwa hiyo blanketi. Baadaye akauza mashine akaenda, hatukujua wapi. Nikaenda kwa ofisi. Afisa akauliza, nani aliona? Watu wanne walikuwa hapo siku hiyo, ninawajua kwa majina. Wote wakasema walikuwa wanaangalia upande ingine. Watu wanne, wote upande ingine! Halafu siku za sheria za kupeleka maneno zikapita, ikawa basi."

Akachochea moto.

"Mzee alipokufa, hao watu wanne walikuja kwa matanga. Walikula. Mimi nilikuwa naangalia vile wanakula. Na nitakuambia, kijana, mimi sikumchukia mwenye mashine kama hao. Yeye alikuwa anachunga mali yake. Wao walikuwa wanachunga nini?"

"Kogo, nikisema nitafukuzwa."

"Ndiyo. Utafukuzwa," akasema, akanipa chai.

Nilingoja aongeze neno, anifariji, aniambie Mungu atafungua mlango mwingine. Hakuongeza. Alimgeukia mteja mwingine. Kwa miaka mingi nimewasikia watu wakisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini kisa changu kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu guu lililovunjika halikuwa langu.

Niliongea Jumapili, baada ya kanisa. Wafula alikuwa ameketi juani uwanjani, Nekesa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuanzia, na yote yakanitoka.

"Ni mimi nilisema baiskeli," nikasema. "Nyapara aliniambia, nikasema."

Nekesa aliacha kuchambua. Wafula alinitazama, kisha akatazama magongo yake yaliyoegemea ukuta. Nikatamani anipige.

"Na kona," akauliza, "nani anajenga?"

"Ni mimi."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akajifuta uso kwa kiganja. Nekesa aliinuka na ungo wake. "Umekula ugali yangu hizo wiki zote," akaniambia. Hakuniita shemeji. Aliingia ndani akafunga mlango, na nikasikia akilia huko, kilio cha chini cha mtu asiyetaka kusikiwa. Mwanangu, nimelia kwenye mazishi ya wazazi wangu, lakini sikuumia kama nilivyoumia mbele ya mlango ule.

Wafula akavuta magongo yake, akasema, "Kesho ofisi inafunguliwa saa mbili. Utanibebea karatasi. Mimi mikono yangu iko na kazi ya magongo."

Tulienda. Afisa wa leba alikuwa mtu mwembamba, meza imejaa faili, picha ya rais imetundikwa juu ya kichwa chake kama katika kila ofisi na kila duka la siku zile. Nilimweleza. Aliniuliza mara tatu, kila mara kwa namna tofauti, na nikajibu mara tatu.

"Wewe unafanya kazi kwa huyo mkandarasi mpaka leo?"

"Ndiyo, bwana."

"Unajua kesho huna kazi?"

"Najua."

"Mbona hukusema mapema?"

"Niliogopa, bwana. Na nilipewa kona yake."

Hakuelewa maana ya kona, lakini Wafula alielewa, na akainamisha kichwa. Afisa akachukua karatasi nyingine akaanza kuandika. Akatueleza sheria huku akiandika, na mimi nikaisikia kwa mara ya kwanza, mtu wa miaka ishirini na sita niliyejenga nusu ya mji. Sheria haiulizi kama nyapara ni mkali, alisema, wala haiulizi kama aliyeumia alikuwa amechoka au alikanyaga vibaya. Inauliza kama alikuwa kazini, akifanya kazi ya yule mtu. Kibarua wa mjengo naye ni mfanyakazi. Mwenye kazi anapaswa kupeleka habari ya ajali mwenyewe, na asipoipeleka, kosa ni lake. Daktari atampima aliyeumia aone amepungukiwa kiasi gani, na fidia hufuata kipimo hicho.

"Mbona hakuna mtu alituambia?" Wafula akauliza.

"Na nyinyi mlimwuliza nani?" afisa akajibu. Hakusema kwa ubaya. Alionekana amechoka kama sisi.

Alitaka mtu mwingine aliyeona. Nilirudi mjengoni siku hiyo hiyo nikawaomba wenzangu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa akiangalia upande mwingine Wafula alipoanguka. Siwalaumu, ningewalaumu vipi? Kabla ya saa kumi nyapara alikuwa amenitupia koti langu nje ya lango. Aliyekuja ofisini ni Kogo Rael peke yake, amevaa kitambaa chake cha kanisa, amezima moto wa chai siku nzima. Alimwambia afisa alichoona na ambacho hakuona, bila kuongeza. Aliulizwa kama anamwogopa mkandarasi, akasema chai yake haiuzwi na chama.

Kilichotusaidia zaidi ni kitu ambacho hakuna kati yetu aliyekijua. Afisa aliandika barua hospitalini, na daktari aliyempokea Wafula akafungua maandishi yake ya siku ile. Karani alikuwa ameandika baiskeli, lakini daktari, alipokuwa akisafisha vidonda, aliandika kwamba vina simenti na kokoto. Hakuna mtu anayeanguka darajani akaokota simenti mwilini. Mkandarasi alivuta maneno kwa miezi mingi, mara hayupo, mara karatasi zimepotea, lakini mwishowe alilipa, na malipo yalipitia ofisi ya leba. Wafula aliyapokea kwa mkono wake.

Hayakumrudishia mguu. Fidia haiponyi, na usimsikilize anayekuambia kwamba pesa hufuta. Ilimwezesha kurudi Bungoma na kufungua kiduka cha misumari na rangi, akawasomesha watoto, asiombe mtu. Mimi sikupata mjengo mkubwa mji huu kwa miaka, kwa kuwa manyapara wanajuana. Nilipiga plasta majiko ya watu kule Langas, nikarekebisha vyoo, na siku nyingine nikanywa chai kavu tu. Sikufa, kama unavyojua.

Siku aliyoondoka, Wafula alinipa mkono. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini usije kwangu mpaka nikuite." Aliniita baada ya miaka miwili, mtoto wake mdogo akibatizwa. Nilienda nimeshika kuku. Tulikula, tukaimba, na Wafula aliongoza nyimbo akiwa ameketi. Nekesa alinipakulia vizuri, nyama ya kutosha. Mpaka leo ananiita Ochieng'. Lile neno shemeji halikurudi, na sikuwahi kulidai.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukiumia kazini, au mwenzako akiumia, sema ameumia kazini, na useme siku hiyo hiyo, kwa karani, kwa daktari, kwa kila mwenye kalamu, maana kalamu ya kwanza ndiyo inayoaminiwa, na kuifuta ni kazi ya miezi. Hakikisha kile ulichosema ndicho kilichoandikwa. Kama hujui kusoma, mwombe mtu akusomee. Mjulishe mwenye kazi mbele ya watu, si pembeni. Shika majina ya waliokuwepo. Sheria imebadilishwa tangu siku zetu na ofisi zimebadilishwa majina, kwa hiyo usitegemee maneno ya mzee kama mimi peke yake, nenda ukaulize ya leo, na usikawie, kwa sababu jambo moja halijabadilika: sheria ina siku zake, na hazimngojei mtu mpole. Mwenye kazi akikuletea sukari, pokea sukari, useme asante, kisha uende ofisini. Sukari ni zawadi. Fidia ni haki, na haki hailipwi kwa sukari. Kwamba wewe ni kibarua wa siku, kwamba hukuandikiwa barua ya kazi, kwamba ulikanyaga vibaya, hayo yasikufunge mdomo. Mwache afisa akuambie kama huna haki, usijiambie mwenyewe.

Hilo ni la aliyeumia. La pili ni la yule aliyesimama kando, na ndilo lililonifanya nishike kalamu na haya macho yangu mabovu. Huenda wewe hutaanguka hata siku moja. Namwomba Mungu iwe hivyo. Lakini hakika utamwona mwingine akianguka, na mtu mmoja atakuita kwa jina lako, kwa upole, akuombe neno dogo tu. Wakati huo hutakuwa na nafasi ya kufikiri, kwa hiyo fikiri leo. Kamba ikioza, sema imeoza kabla mtu hajapanda. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wajenzi ndio wa kwanza kusahau. Na ikiwa umekwisha kusema uongo, kama mimi, usijidanganye kwamba umechelewa. Rudi ukaseme. Utapoteza kazi, pengine na rafiki. Mwenzako bado anahitaji hilo neno zaidi ya unavyohitaji kuheshimiwa.

Nenda, mwanangu, na baraka zangu, ingawa ni baraka za mkono uliowahi kuchafuka. Mungu akurudishe nyumbani kila jioni na mifupa yote uliyotoka nayo asubuhi. Na siku yoyote ukianguka, akupe mtu kando yako aliyekuwa akiangalia upande wako.